Jozi ya Longinus Mbano

1

Siku Filimbi ilipomkana Longinus Mbano, mchana kweupe, mimi nilikuwa nyuma yake nimembebea begi la nguo, na nilicheka. Nasema mapema ili usije ukanihurumia bure. Mimi ni Mhehe, yeye Mngoni. Babu zetu walichinjana hadi wakachoka, wakakubaliana kwamba kuanzia hapo tutaumizana kwa midomo tu, na mtani akijikwaa mbele yangu ni haki yake nicheke kwanza ndipo nimwinue.

"Puliza tena," nikamwambia. "Imesikia harufu ya panya mnaowala Wangoni, imechefukwa."

Longinus alikuwa ameshika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili, mabega yamepanda hadi masikioni, ngozi ya kati ya mbavu ikizama ndani kila alipovuta hewa. Kutoka geti la Shamba hadi dirishani ni hatua kumi na nne, naye alikuwa amepumzika mara tatu. Ncha za vidole vyake zilikuwa zimevimba zikawa duara, kucha zimepinda na kuingia rangi ya zambarau. Kwetu Jiwe Jeupe vidole hivyo tunavijua. Mchimbaji akivifikia, mkewe huanza kumtandikia mito mitatu, maana hawezi tena kulala chali.

Akaweka mdomo kwenye mrija wa mashine, akapuliza. Tulisikia koo zaidi kuliko upepo.

"Pole," ikasema Filimbi kwa sauti yake ya mtangazaji wa taarifa ya habari. "Pumzi hii si ya Longinus Mbano. Mwenye bangili aje mwenyewe. Jozi yake ya mapafu imeiva na itasubiri siku tisa."

Longinus akainua mkono wenye bangili, akaionyesha mashine. "Ni mimi," akasema. "Mimi... ndiye."

"Pole," ikasema Filimbi.

Nyuma ya dirisha lile kulikuwa na ukuta, na nyuma ya ukuta kulikuwa na mtu aliyeajiriwa asituone. Ndivyo sheria ilivyotaka. Mwaka wa kwanza wa Shamba la Mapafu, jozi sita kati ya kila kumi zilipandwa kwa ajili ya wapwa na mashemeji wa wakubwa, watu waliolijua vumbi la barabarani tu. Wananchi wakapiga kelele hadi ikaamuliwa: kuanzia sasa hakuna sura, hakuna jina la mdomo, hakuna "mimi ni mtoto wa fulani". Mgonjwa anakuja amejifunika shuka kichwani, mashine inasoma bangili na pumzi, basi. Nchi nzima ilishangilia. Hata mimi nilipiga vigelegele mpaka koo likauma.

Kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba huyu ndiye Longinus, mume wa Osmunda, aliyepasua mwamba miaka ishirini na miwili, na kwamba mji mzima unamjua hata kwa kukoroma kwa kifua chake. Mkoromo ule nilikuwa nauigiza mimi kwenye harusi, watu wakashika mbavu. Ndiyo kazi ya mtani. Ukiwa hai anakuigiza harusini, ukifa anakuigiza kaburini, mwendo wako, sauti yako, hadi wafiwa wacheke machozi yakiwa bado mashavuni.

Kicheko kilinikauka pale nilipokumbuka ni pumzi ya nani iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya Filimbi kwa jina lake miaka yote ile. Ilikuwa yangu.

2

Naitwa Tasiana Kikoti, mfua ovaroli. Nimefanya kazi hiyo geti la mgodi miaka kumi na tisa, mjane, bila mtoto, na ulimi wangu unajulikana kuliko sabuni yangu.

Kila Jumatatu wachimbaji hupanga foleni wapulize kwenye Filimbi ya getini kabla ya kushuka shimoni. Mashine inapima hewa unayoitoa katika sekunde ya kwanza. Mtu mwenye kifua kizima anapata mia. Enzi hizo Shamba lilikuwa halijaanza, na aliyeshuka chini ya sabini alivuliwa bangili na kutolewa kwenye nyumba ya mgodi siku hiyohiyo, yeye na watoto wake na masufuria yao.

Jumatatu moja, miaka mitano iliyopita, nilikuwa napita na beseni kichwani nikamwona Longinus mbele ya mrija anasitasita. Wiki iliyotangulia alipata sabini na moja. Nikaweka beseni chini, nikamsukuma kwa nyonga. "Pisha, Mngoni. Nikuonyeshe watu wenye vifua wanavyopuliza." Nikaukamata mkono wake wenye bangili, nikaubandika kwenye mashine, nikapuliza mimi. Mia na moja. Foleni nzima ikacheka, msimamizi naye akacheka, kwa kuwa mtani akikunyang'anya nyama sahanini hakuna anayeita mwizi, sembuse akikunyang'anya zamu ya kupuliza. Longinus peke yake hakucheka. Jumatatu iliyofuata nilimkuta ananisubiri.

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Miaka miwili baadaye likaja Shamba, pale juu ya kilima, na habari kwamba mchimbaji akishuka chini ya hamsini atapewa mapafu mapya yaliyooteshwa kwa ajili yake. Wakati huo kifua cha Longinus kilikuwa kama arobaini na ushee, na Filimbi ilikuwa ikimwandika tisini na tisa. Hatukuweza kuacha ghafla. Kutoka tisini na tisa hadi arobaini kwa wiki moja, hata mashine ingejiuliza. Tukapanga nibane pumzi kidogo kidogo, nimshushe taratibu kama mtu anayeugua kweli, hadi afike panapotakiwa.

Nilibana kwa ustadi. Tisini na nne. Tisini. Themanini na tano. Nilijivuna, nilimwambia kwamba kuugua pia nimemzidi. Halafu Jumatatu moja nilikusudia sabini na sita, Filimbi ikasoma sabini na mbili. Wiki iliyofuata sikubana hata chembe. Nilipuliza kwa nguvu zangu zote, macho yakanitoka, ili nijue. Sitini na nane.

Sikumwambia mtu, nikaendelea kupuliza bila kubana hadi namba ikashuka chini ya hamsini, na Longinus akaandikwa kwenye orodha ya Shamba, akapewa mtungi. Nilijua imetoka wapi. Ovaroli ya mchimbaji huwezi kuitumbukiza majini na vumbi lake, mfereji unaziba, unapigiwa kelele. Unaikung'uta kwanza. Unaishika mabegani, unaipiga hewani mbele ya uso wako, na ule unga mweupe unapanda. Ovaroli ishirini kwa siku, miaka kumi na tisa. Lakini Shamba liliwahesabu walioshuka shimoni tu. Mfua ovaroli hakuwa na bangili, na asiye na bangili hakuwa na kifua.

3

Kesho yake asubuhi nilimwacha Longinus nyumbani kwake na mtungi wake wa oksijeni, nikaenda kwa Tabibu Rwegoshora wa zahanati ya mgodi. Yeye aliruhusiwa kuona sura, kwa sababu hakuruhusiwa kuamua chochote. Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akifuta miwani, na nilipomaliza aliendelea kuifuta.

"Unajua ndani ya mrija kuna nini?" akauliza.

"Mate."

"Kuna wavu. Mdogo, huwezi kuuona. Mtu akipuliza kwa nguvu, chembe hai za koo na kifua zinanaswa. Kila Jumatatu usiku wavu unapelekwa Shambani. Hizo chembe ndizo mbegu, Tasiana. Mapafu yanaoteshwa kwa mbegu hizo na yanaongezewa mpya kila wiki."

"Mimi nilidhani wanachukua damu."

"Kila mtu anadhani wanachukua damu."

Akatoa kabatini dodoki jipya la kuogea, akaliminya mbele yangu likarudi umbo lake. Kisha akatoa lingine kuukuu, lililokauka na sabuni, akaliminya likalia kakaka. Akasema vumbi la mwamba mweupe ni jembamba kiasi kwamba linapita puani, linapita kooni, linafika kwenye vifuko vya mwisho kabisa ambako hewa inaingia damuni. Mwili unajaribu kulimeza, unashindwa, unalizungushia kovu. Kovu halitanuki. Kila mwaka makovu yanaongezeka, hata ukiwa umeacha kazi, hata ukihamia mjini, hadi mtu anabaki na madodoki makavu mawili kifuani na njaa ya hewa ambayo haishibi.

"Nisomee habari za Longinus," nikamwambia. "Za dodoki nimezielewa."

"Jozi iliyoiva ni yako. Ukimwekea yeye, mwili wake utaikataa, atakufa ndani ya wiki na atakufa vibaya. Zamani kulikuwa na dawa za kuudanganya mwili upokee kiungo cha mtu mwingine. Zimeacha kutengenezwa. Nani azitumie, wakati kila mtu anaoteshewa cha kwake?"

"Apande upya."

"Miaka mitatu. Ana miezi mitatu, tena kwa mtungi. Bila mtungi ana saa, sijui kama siku itafika." Akanisogezea kipimo cha mezani. "Puliza."

Nikapuliza. Arobaini na saba.

Hakusema pole, na nilimshukuru kwa hilo. Alisema, "Ukienda na bangili yake, umejifunika kama sheria inavyotaka, Filimbi itakukaribisha. Kwake Longinus ni wewe. Lakini kuanzia saa hiyo Longinus Mbano ameandikwa amepona, na aliyepona hana mtungi. Toroli litatumwa kuuchukua papo hapo."

"Nikisema ukweli je?"

"Mmeghushi wote wawili. Jozi inateketezwa, mtungi unachukuliwa, nyumba inachukuliwa. Nimeshaona yakitokea."

"Na nisipofanya lolote?"

"Siku tisa zikipita jozi inateketezwa, yeye anabaki kwenye orodha na mtungi wake. Wewe una mwaka. Labda na nusu. Utapita alipopita yeye, vidole, mito mitatu, na wewe huna wa kukutandikia."

Nikamuuliza yeye angefanya nini. Tabibu Rwegoshora akavaa miwani yake. "Hilo sikulisomea," akasema, akaita mgonjwa mwingine.

4

Osmunda alikuwa barazani anachambua maharage. Editruda, binti yao wa pekee, alikuwa amekaa kando yake kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, tumbo la miezi saba juu ya mapaja. Longinus alikuwa ndani karibu na mlango, ameketi ameinama mbele, viwiko juu ya magoti, mrija wa mtungi puani. Ndivyo alivyokaa usiku na mchana. Tangu mimba ya Editruda itangazwe alikuwa na ombi moja tu, na alikuwa akiligawia maneno mawili mawili kwa kila aliyepita: nimsikie... analia... basi.

Niliwaambia wote watatu, sikuficha kitu. Nilipofika kwenye arobaini na saba yangu, Editruda akafunika mdomo kwa kanga. Longinus alicheka. Alicheka bila sauti, kichwa kinapanda na kushuka, hadi midomo ikawa ya buluu na Osmunda akaja kuongeza hewa ya mtungi.

"Kwa hiyo," akasema alipopata nafasi, "mapafu ya Mngoni... yamekuwa... ya Kihehe."

"Yamepanda cheo," nikasema.

"Chukua." Akavuta hewa. "Mtani... hanyimwi. Ila usiende... ukabweka nayo."

Sisi Wahehe tunasemwa kwamba tunakula mbwa. Nilicheka, Editruda naye akacheka kidogo bila kutaka. Osmunda hakucheka.

"Usimsikilize, dada Tasiana. Anatania."

"Mimi?" akasema Longinus. "Natania?"

Nikapiga magoti mbele yake, uso kwa uso. Nilikuwa sijawahi kumpigia magoti Mngoni. "Longinus, acha utani mara moja tu. Nikichukua jozi wanachukua mtungi. Mjukuu hutamsikia. Niambie niende au nisiende."

Akainua kichwa, akanitazama. Macho yake yalikuwa mazima kabisa, ndilo jambo baya la ugonjwa ule, unaacha macho na akili. "Toka lini," akasema, "umeniona... nikiacha... utani?"

Nimeyageuza maneno hayo kila upande, kama mtu anayetafuta tundu kwenye nguo. Sijapata jibu mpaka leo. Mtu mwingine angesema ndiyo au hapana. Sisi tulikuwa tumezoea miaka ishirini kusema kila kitu kwa mzaha, na siku tulipohitaji neno moja la kweli hatukuwa nalo.

Osmunda alinisindikiza hadi kwenye kona ya nyumba, ungo wa maharage bado mkononi.

"Miezi miwili," akasema. "Sikuombi zaidi. Mtoto azaliwe, amsikie, ndipo Mungu afanye atakavyo."

"Jozi inasubiri siku tisa. Nane, tangu leo."

"Wewe una mwaka mzima."

"Na baada ya mwaka?"

"Utakufa, dada. Kama sisi wote." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayemweleza mtu njia. "Wewe humwachi mtu. Mwenzio anasubiri damu yake ifike duniani."

Hapo nilimchukia. Nilimchukia kwa moyo mkunjufu, kama mtu anavyokaa mezani kula. "Ovaroli za mumeo nani alizifua, Osmunda? Wewe ulisema vumbi lake linakukohoza. Ulinitupia mlangoni miaka kumi na tisa, umejifunga kanga puani. Damu yako ni nzima kwa sababu mimi nilikung'uta."

Osmunda akatazama maharage yake. Akaokota kijiwe, akakitupa, akarudi barazani.

5

Siku ya nane nilikwenda kumwona tena, saa saba mchana. Osmunda na Editruda walikuwa kliniki. Longinus alikuwa amesinzia palepale alipokaa, paji la uso juu ya mto uliowekwa magotini. Mkono wa kushoto ulikuwa umening'inia. Ulikuwa umekonda hivi kwamba bangili ilikuwa imeteleza, imepita kifundo, imepita vidole vilivyovimba kwa namna ambayo sielewi, na ilikuwa imelala kwenye mkeka karibu na mguu wangu.

Kwetu mtani akiingia nyumbani kwako akaona kitu akakitaka, anakichukua na kusema "nimechukua". Akishasema, si mwizi tena. Unaweza kumtukana, unaweza kwenda kwake kesho ukachukua kuku, lakini kumshtaki huwezi.

Nikaokota bangili. Nikasema, "Nimechukua."

Nilisema kwa sauti ndogo. Naapa nilisema. Kope zake zilicheza, na hewa ya mtungi ikaendelea kuvuma puani mwake. Huenda alisikia akaninyamazia. Huenda alikuwa anaota. Huenda bangili haikuteleza yenyewe. Nilisubiri hadi nilipohesabu pumzi zake kumi, kisha nikatoka.

Dirishani nilijifunika shuka, nikapuliza.

"Karibu, Longinus Mbano," ikasema Filimbi. "Hongera kwa jozi yako."

Chumba cha ndani kilikuwa cheupe, hakina mtu. Mikono ya chuma iliyoning'inia darini ilinivua, ikanilaza, ikanivalisha barakoa ya usingizi. Sauti ileile ikanieleza kwamba nikitaka kughairi nigonge bangili mara tatu kwenye ukingo wa kitanda, na kwamba dawa itaingia nitakapovuta pumzi ya kwanza. Upande wa kulia palikuwa na dirisha refu. Niliona geti la nyuma likifunguka na toroli la kujiendesha likatoka, tupu, na kulabu mbili za kubebea mtungi. Likashika njia ya kushuka kwenye nyumba za wachimbaji. Lilikwenda polepole, likapisha mbuzi, likaendelea.

Nilibana pumzi. Nilikuwa bingwa wa kubana pumzi, nilifanya kazi hiyo mwaka mzima kwa ajili yake. Vidole vyangu vilikuwa juu ya ukingo wa kitanda na bangili ilikuwa imegusa chuma. Nilimfikiria Osmunda akirudi kliniki. Nilimfikiria Longinus akishtuka na kukuta pua haina upepo, akitafuta kwa mikono. Nilifikiria mito mitatu na hakuna wa kunitandikia. Toroli likafika kwenye kona ya zahanati.

Kisha nikavuta.

6

Niliamka siku ya tatu. Pumzi ya kwanza iliingia, nikasubiri igonge pale ilipozoea kugonga, haikugonga. Iliendelea kushuka hadi mahali ndani yangu ambako nilikuwa nimesahau kwamba ni pangu. Nilifurahi. Lazima niseme. Nililala pale navuta na kutoa, navuta na kutoa, nacheka peke yangu kama mwehu, na kwa muda wa labda dakika tano sikumkumbuka Longinus hata kidogo.

Tabibu Rwegoshora ndiye aliyenijia getini. Akaniambia toroli lilifika saa nane na nusu, Osmunda na Editruda walilikuta linaondoka. Longinus alikufa saa kumi na moja jioni. Saa mbili na nusu, akasema, alikuwa na akili zake timamu muda wote. Alijaribu kusema kitu lakini hewa haikutosha kwa maneno.

"Wamemzika lini?"

"Hawajamzika. Wanakusubiri wewe. Wanasema Mngoni hazikwi bila mtani."

Kwa maandishi Longinus Mbano alikuwa hai, tena mzima kuliko alivyokuwa miaka kumi iliyopita, kwa hiyo makaburi ya mgodi yalimkataa. Walikuwa wamemchimbia nyuma ya nyumba, kwenye mteremko ninakoanika ovaroli. Mji mzima ulikuwepo, na mji mzima ulikuwa unajua. Njia ilifunguka nilipopita. Hakuna aliyenitukana, na mimi nilikuwa nimejiandaa kutukanwa.

"Mtani amekuja," akasema Osmunda. "Afanye kazi yake."

Nikafanya. Niliruka kaburini kabla ya jeneza kushushwa, nikalala chali, nikasema kaburi hili la Mngoni ni dogo, panya wake watakaa wapi. Kuna aliyeguna. Nikapanda, nikaiga mwendo wake, hatua nne na kusimama, mkono kiunoni, kama anayetazama mandhari kumbe anatafuta hewa. Wazee wawili walitabasamu. Nikaiga alivyoomba chumvi. Nikaona mabega ya Editruda yanatikisika, nikajua nimefika karibu. Bado kile walichokuwa wanakisubiri wote, mkoromo wake, ule nilioufanya harusi ngapi sijui.

Nikainama mbele, viwiko juu ya magoti. Nikavuta.

Hakikutoka kitu. Hewa iliingia kimya, safi, ikatoka kimya. Nikabana koo, nikavuta tena. Kimya. Mara ya tatu nilikaza shingo hadi mishipa ikasimama, nikakuna koo, nikakohoa. Kikohozi kilitoka kizima, cha mtu aliyepaliwa na maji tu. Nilikuwa nimesimama juu ya kaburi la mtani wangu napumua vizuri mbele ya watu wote, na kila mmoja alikuwa anasikiliza. Hakuna aliyecheka. Editruda aligeuka akashika tumbo kwa mikono miwili.

"Basi," akasema Osmunda. "Inatosha."

Walimshusha, wakafukia. Watu walipoanza kutawanyika alinijia. Alikuwa amebeba ovaroli ya Longinus, ile ya mwisho, ambayo hakuwahi kuniletea niifue. Ilikuwa bado imekakamaa kwa unga mweupe.

"Zamu yako ni Jumatatu," akasema. "Aliyewekewa jozi anarudi mwambani Jumatatu inayofuata, sheria unaijua. Ukikosa, Longinus Mbano ametoroka kazi na sisi tunatolewa nyumbani. Mjukuu wake atazaliwa ndani ya nyumba ile. Utashuka shimoni, dada Tasiana, na bangili yake mkononi, na utapuliza kila wiki, na utapanda na kushuka hadi mtoto huyo awe mtu mzima."

"Nitashuka," nikasema. Sikuwa na la kutania.

Osmunda akaifungua ovaroli, akaishika mabegani. Hakuwa amejifunga kanga puani. Akaikung'uta mbele ya uso wangu mara moja, kwa nguvu, kama mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote. Vumbi likapanda jeupe kati yetu, nami nilikuwa nimeshavuta hewa kabla sijakumbuka kubana.